Neno “Tuombe” Lililokosa Sala

Dominika ya 25 ya Mwaka C



Somo la pili la Dominika hii latoka katika Waraka wa Kwanza kwa Timoteo, sura ya pili. Ni somo fupi, na kwa kuwa Injili ya leo ni ile ya wakili dhalimu, ambayo huwapa mapadre kazi kubwa ya kuieleza, mara nyingi somo hilo la katikati hupitwa kama nyumba ya jirani ambaye hatuna neno naye. Leo nitabisha hodi hapo. Mtume anamtaka Timoteo aweke mbele ya shughuli nyingine zote za kanisa la Efeso jambo moja: watu wakikusanyika, wawaombee wanadamu wote bila kubagua, na wasiwasahau wafalme na wenye mamlaka.

Tukumbuke wafalme hao walikuwa nani. Hapakuwa na hata mmoja aliyebatizwa. Maliwali wao waliwatia Wakristo gerezani, na kwa mapokeo ya Kanisa Paulo mwenyewe aliuawa Roma chini ya Kaisari Nero. Kwa hiyo agizo hilo halikutolewa ili Wakristo wajipendekeze kwa serikali. Walitakiwa wamweke mbele ya Mungu hata yule aliyeweza kesho kuwatoa roho.

Agizo hilo ndilo mzizi wa sehemu ya Misa tuiitayo Sala ya Waamini. Kila Dominika, baada ya Kanuni ya Imani, mtu mmoja hupanda mimbarini na karatasi yake, asoma maombi manne au matano, nasi twaitikia, kisha padre afunga. Wengine huiona sehemu hiyo kuwa ni nafasi ya kupumua kabla ya matoleo. Wengine hudhani ni jambo jipya lililobuniwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ili walei nao wapate kazi ya kufanya. Ukweli ni kwamba sala hiyo ni ya kale kupita sehemu nyingi za Misa tunazozijua, na kwamba ilipotea kwa muda wa karibu miaka 1,400. Jinsi ilivyopotea ndiyo habari ninayotaka tuizingatie.

Shahidi wetu wa kwanza ni Mtakatifu Yustino. Alizaliwa Flavia Neapoli, mji ambao leo waitwa Nablus, katika nchi ya Palestina. Alikuwa mwanafalsafa aliyetafuta hekima kwa walimu wengi kabla ya kumpata Kristo. Mnamo mwaka 155 hivi, akiwa Roma, alimwandikia Kaisari Antonino Pio utetezi wa Wakristo, na kwa kuwa watu walivumisha mambo ya aibu juu ya mikutano yao, Yustino aliona heri aeleze wazi yanayotendeka humo. Siku ya jua, yaani Dominika, Wakristo wa mjini na wa mashambani hukutana mahali pamoja. Husomwa maandiko ya Mitume au ya Manabii kadiri muda unavyoruhusu. Msomaji akimaliza, mwenye kuongoza huwaonya na kuwahimiza watu. Halafu wote husimama pamoja na kusali. Ndipo huletwa mkate, na divai, na maji. Na wenye nacho hutoa kadiri wapendavyo, na makusanyo huwekwa kwa mwenye kuongoza ili awasaidie yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Tazameni mpangilio huo. Neno, mahubiri, sala ya wote, matoleo. Mtu wa Roma wa wakati ule akiingia leo katika kigango chochote cha kwetu, hatajua lugha, lakini atajua mahali tulipofika. Yustino aliuawa kwa ajili ya imani mnamo mwaka 165.

Katika maelezo yake mna jambo jingine ambalo nawaomba makatekista walishike. Anasema kwamba mtu akiisha kubatizwa, huongozwa hadi kwa ndugu waliokusanyika, na hapo wote husali kwa bidii kwa ajili yao wenyewe, kwa ajili ya huyo aliyeangazwa, na kwa ajili ya watu wengine wote po pote walipo; kisha hupeana busu la amani. Maana yake ni kwamba kabla ya ubatizo hakuwa pamoja nao katika sala hiyo. Desturi ya kale ilikuwa kwamba wakatekumeni husikiliza masomo na mahubiri, kisha huagwa. Ndiyo sababu sala hiyo yaitwa ya waamini. Hawakuagwa kwa kudharauliwa. Kuwaombea watu wote kulihesabiwa kuwa kazi ya kikuhani, na kazi hiyo alipewa mtu pamoja na maji ya ubatizo. Aliyetoka kisimani usiku wa Pasaka, jambo la kwanza alilolitenda akiwa Mkristo kamili, kabla hata ya kula Mwili wa Bwana, lilikuwa kusimama na kuuombea ulimwengu.

Waliomba nini? Barua ya Mtakatifu Klementi wa Roma kwa Wakorinto, iliyoandikwa mwishoni mwa karne ya kwanza, inamalizikia kwa sala ndefu ambayo wataalamu wengi huona ndani yake mwangwi wa sala za kanisa la Roma. Humo wanaombewa walioonewa, walioanguka, wahitaji, wagonjwa, waliopotea njia, wenye njaa, wafungwa. Na mwishoni watawala, wapewe afya, amani na uthabiti. Miaka mia moja baadaye Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini mwenye ulimi mkali, aliwaambia wakuu wa dola kwamba Wakristo mnaowatesa ndio wanaomwombea Kaisari na maofisa wake, na amani ya dunia.

Nipitie kidogo Tarragona, katika nchi ya Hispania, maana kuna habari nisiyoweza kuiacha. Mwaka 259, tarehe 21 Januari, Askofu Fructuosus alipelekwa uwanjani achomwe moto pamoja na mashemasi wake wawili, Augurius na Eulogius. Mkristo mmoja alimshika mkono wa kuume akamsihi amkumbuke. Ombi halali kabisa. Nani kati yetu asingeliomba hivyo? Askofu akamjibu, watu wakisikia, kwamba imempasa kulikumbuka Kanisa Katoliki lililoenea toka mashariki hata magharibi. Mtakatifu Augustino, akihubiri siku ya sikukuu ya wafiadini hao, aliwaeleza watu wake kwamba shahidi yule hakumkatalia mtu wake. Aombeaye mwili wote hakuacha kiungo hata kimoja; basi ukitaka sala yake ikufikie, usitoke katika mwili anaouombea.

Karne ya nne mwanamke mmoja, Egeria, alihiji kutoka upande wa magharibi hadi Yerusalemu, akawaandikia dada zake habari za ibada alizoziona. Katika masifu ya jioni shemasi alitaja majina ya watu wa kuombewa, mmoja mmoja, na kwa kila jina watoto wengi waliosimama pale waliitikia “Kyrie eleison”, yaani Bwana hurumia, kwa sauti zisizo na idadi. Kumbuka, ni watoto. Kwetu hufundishwa kunyamaza.

Roma ilikuwa na namna yake, nayo tunaisikia hata leo siku ya Ijumaa Kuu. Hutajwa kwanza wanaoombewa. Shemasi huwaalika watu wapige magoti. Kunakuwa kimya, kila mmoja aombe moyoni. Watu husimama, na padre hukusanya maombi yao yote katika sala moja. Kimya hicho si pengo. Ndicho sala yenyewe ya waamini, na maneno ya padre hukifunga tu. Namna hiyo ilikuwa na uzito hata katika mafundisho. Karne ya tano, palipokuwa na ubishi kama mwanadamu aweza kuanza kuamini kwa nguvu zake mwenyewe, Prosper wa Aquitania alijibu kwa kuonyesha yanayotendeka kanisani. Alisema Kanisa lote ulimwenguni huomba ili wasioamini wapewe imani, na waabudu sanamu wafunguliwe, na walioanguka wapate toba. Kama Kanisa laomba imani kwa Mungu, basi imani ni zawadi ya Mungu. Kwake sala ya watu ilikuwa ushahidi tosha wa mafundisho.

Na kitu chenye uzito huo kikapotea.

Hakuna Papa aliyeamka asubuhi akaifuta. Mwishoni mwa karne ya tano Papa Gelasi wa Kwanza, ambaye orodha ya kale ya Mapapa humtaja kuwa mwenye asili ya Afrika, alihusika na maombi ya namna nyingine, yale ya kuitikia kama waitikiavyo watu wa Mashariki. Wataalamu wengi huona kwamba maombi hayo yaliwekwa mwanzoni mwa Misa, na yale ya zamani baada ya mahubiri yakaonekana kuwa marudio. Miaka mia ikapita. Mwaka 598 Papa Gregori Mkuu, katika barua kwa Askofu Yohane wa Siracusa, alieleza kwamba katika Misa za kila siku huko Roma maneno mengine yameachwa, na huimbwa “Kyrie eleison” na “Christe eleison” tu. Hivyo sala ilihamishwa, kisha ikafupishwa, kisha likabaki itikio bila maombi yake. Kila aliyepunguza alikuwa na sababu nzuri. Hatua kwa hatua nyumba ikabomolewa na watu waliokuwa wakiitengeneza.

Lakini palibaki alama moja. Katika Misale ya mwaka 1570, na hata kabla yake, padre alipomaliza Kanuni ya Imani aliwageukia watu, akawasalimu, kisha akasema “Oremus”, maana yake “Tuombe”. Halafu haikufuata sala yo yote! Kwaya iliimba, yeye akachukua mkate akaanza matoleo. Wataalamu wengi husadiki kwamba “Tuombe” hiyo ilikuwa mwaliko wa ile sala iliyopotea, ukabaki mahali pake kama kizingiti cha nyumba iliyokwisha anguka. Karne nyingi mapadre wacha Mungu walivuka kizingiti hicho kila Dominika, wala wengi wao hawakuuliza mlango ulikuwa wa kuingilia wapi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, Misale waliyokuja nayo ilikuwa hiyo. Wazee wetu waliobatizwa wakati ule waliisikia “Oremus” kwa Kilatini, wakaendelea na rozari yao.

Watu, hata hivyo, hawakuacha kuomba. Makanisa ya Mashariki yalitunza maombi yao marefu yenye kuitikiwa mpaka leo. Hata katika nchi za Ulaya magharibi, katika karne za kati, padre akiwa mimbarini aliongoza maombi kwa lugha ya watu wenyewe, kwa ajili ya Papa na mfalme, mavuno, wagonjwa na marehemu wa parokia. Katika nchi za Kijerumani, Mtakatifu Petro Kanisio, aliyefariki mwaka 1597, alitunga sala ya kuwaombea wote ambayo ilisaliwa kwa karne nyingi. Mito ilipozibwa juu, maji yalipenya chini ya ardhi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962. Miongoni mwa Mababa wake alikuwamo Laurean Kardinali Rugambwa, aliyekuwa wakati huo Askofu wa Bukoba. Hati yake ya kwanza kukamilika, Konstitusio juu ya Liturujia, ilipitishwa tarehe 4 Desemba 1963 kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Ibara yake ya 53 yaagiza kwamba sala ya pamoja irudishwe baada ya Injili na homilia, hasa siku za Dominika na sikukuu za amri, waamini wakishiriki, kuombea Kanisa, wenye mamlaka, walio katika shida mbalimbali, na wokovu wa ulimwengu wote. Na andiko ambalo Mababa waliweka liwe msingi wa ibara hiyo ni hilihili la leo, Timoteo sura ya pili. Maelekezo ya utekelezaji yalitolewa Septemba 1964, yakaanza kutumika tarehe 7 Machi 1965. Kuanzia hapo “Tuombe” ikapata tena sala yake.

Nisifiche jambo moja la huzuni. Sala hata ikitunzwa yaweza kuingia uchungu. Maombi ya Ijumaa Kuu, ambayo nimeyasifu, kwa karne nyingi yaliwataja Wayahudi kwa neno la Kilatini ambalo kwa lugha nyingi za watu lilisikika kama tusi, yaani watu wa hila. Na tangu karne ya tisa hivi, walipofikiwa Wayahudi, watu hawakualikwa kupiga magoti kama walivyoalikwa kwa wengine wote. Papa Pius XII alirudisha kupiga magoti katika marekebisho ya Juma Kuu ya mwaka 1955. Ijumaa Kuu ya mwaka 1959 Papa Yohane XXIII aliondoa neno lile. Misale ya mwaka 1970 ikaleta sala mpya kabisa, yenye kuwaheshimu kama watu ambao Mungu alisema nao kwanza. Lakini kati ya hapo Wayahudi milioni sita walikuwa wameuawa katika Ulaya iliyobatizwa. Sisemi kwamba neno moja la sala liliwaua. Nasema kwamba namna tunavyomtaja mtu mbele ya altare huwafundisha watoto wetu namna ya kumtazama barabarani.

Sasa turudi kwetu, maana historia hii yatugusa sisi wenyewe. Katika parokia moja, nikiwa padre kijana, msomaji wetu alichukua kitabu cha maombi cha mwaka uliotangulia na kuomba mvua kwa sauti ya majonzi. Nje maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi za kanisa, na daraja lilikuwa limechukuliwa tangu Ijumaa. Tukaitikia wote, mimi nikiwa wa kwanza. Baada ya Misa mama mmoja alinijia, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa siku tatu, akaniuliza kwa upole kama kuna utaratibu wa kupata nafasi katika kile kitabu. Sikuwa na jibu. Hiyo ilikuwa “Tuombe” nyingine isiyo na sala, ingawa maneno yalikuwa mengi.

Kuna na kasoro ya upande wa pili. Wapo wanaoifanya sala hiyo kuwa homilia ya pili, wakimweleza Mungu habari ambazo yeye anazijua na watu wamezichoka. Wapo wanaoitumia kumalizia ugomvi wa kamati, wakimwombea ndugu fulani “abadilike”, na kila mtu kanisani ageuza shingo kumtazama. Maelekezo ya Misale ni wazi: maombi yawe machache ya maneno, yatungwe kwa uhuru wenye busara, yaeleze haja ya jumuiya nzima. Mpango wake ni Kanisa kwanza, kisha serikali na ulimwengu, kisha wenye shida, kisha jumuiya ya mahali. Mpango huo watulinda. Watukataza kuanza na sisi wenyewe, na watukataza pia kuisha bila kufika nyumbani.

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliazimu kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe shabaha ya kwanza ya kazi ya kichungaji. Huko Jumuiyani, chini ya mwembe au sebuleni kwa mtu, sala ya waamini haina shida. Mzee aomba kwa ajili ya mjukuu aliyekwenda mjini asiandike, mama aomba kwa ajili ya jirani asiye Mkristo aliyefiwa, na wote hujua ni nani huyo. Naona ajabu kwamba tajiri huyo wa maombi akifika kanisani Dominika hugeuka maskini anayesomewa karatasi ya mtu mwingine. Jumuiya yenye zamu ingekutana Ijumaa au Jumamosi, pamoja na katekista wake, ikaulizana wiki hii nani ameumwa, nani amefungwa, mipaka ipi ina vita, ghala lipi ni tupu, Dominika ingepata maombi yaliyo hai. Na Nabii Amosi, ambaye tumemsikia katika somo la kwanza akiwakemea wafanyabiashara wenye mizani za hila, angetusaidia kutunga lile la wenye shida. Maana kwa Yustino kikapu cha maskini kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye sala.

Sala hiyo ina uwezo wa kupokea msiba mpya ingawa yenyewe ni ya kale. Tarehe 30 Machi 2020, watu walipokuwa wakifa kwa ugonjwa wa korona na makanisa mengi duniani yamefungwa, Roma iliongeza katika maombi ya Ijumaa Kuu ombi kwa ajili ya wagonjwa, wauguzi na marehemu wa wakati huo. Padre wengi walilisoma mbele ya viti vitupu, wakatulia kimya katika pale ambapo watu wangepiga magoti.

Makatekista wapendwa, fungueni Misale mahali pa Mkesha wa Pasaka. Mtaona, baada ya ubatizo na kurudia ahadi, yameandikwa maelekezo mafupi kwamba wabatizwa wapya washiriki Sala ya Waamini kwa mara ya kwanza. Maneno hayo Yustino angeyatambua. Wale mnaowafundisha sasa wakatekismu, mmekwisha waambia kwamba usiku ule watapewa kazi hiyo? Wawekeni karibu na mimbari. Mmoja wao na asome ombi la pili, lile la wenye mamlaka, kwa sauti yake mwenyewe, na wengine wote waachiwe kimya kidogo kabla ya kuitikia.

Sasa tusimame, tuikiri imani yetu.